Karavani na Lango Lililofungwa



Ndugu wapendwa, Jumanne iliyopita, yapata saa mbili usiku, wageni wetu wawili walifika parokiani wakakuta lango limefungwa kwa kufuli. Ni wenzi wazee kutoka Uingereza; mama alifundisha zamani katika shule iliyo jirani nasi, na baadhi yenu mlisoma kwake. Walikaa nje karibu nusu saa hadi mlinzi alipotupata kwa simu. Tulipowaomba radhi walicheka, wakasema wamekwisha kuyazoea malango. Ndipo mezani wakatusimulia safari yao ya Machi 2020, nasi tumeona vema kuwashirikisha.

Kama wastaafu wengi wa nchi yao, walikuwa na desturi ya kuyakimbia majira ya baridi na kwenda kukaa pwani ya Hispania, karibu na Benidorm, katika karavani, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu inayovutwa na gari. Ndani mna kitanda, meza, jiko la gesi na choo. Nyumba yao ya Uingereza walikuwa wameipangisha hadi mwezi Mei. Tarehe 14 Machi Hispania ilitangaza hali ya tahadhari kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na watu wakaamriwa kubaki majumbani. Wazee wetu walijiambia kwamba wao wako nyumbani tayari. Lakini tarehe 19 ikatoka amri ya kufunga hoteli na viwanja vya kambi, vikiwemo vya karavani, katika muda wa siku 7. Waliokaa muda mrefu waliweza kuachwa kwa masharti, ila mwenye kiwanja chao hakutaka kubaki na mtu. Tarehe 23 serikali ya Uingereza nayo ikawahimiza wasafiri wake warudi.

Hapa kuna jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria kamwe. Nyumba ya magurudumu hujitosheleza kwa siku chache tu. Tangi la maji huisha, la choo hujaa, na hata mahali pa kuisimamisha usiku ni lazima mtu mwingine akupe ruhusa. Kutoka Benidorm hadi Calais, kwenye pwani ya kaskazini ya Ufaransa, ni yapata kilomita 1,800, na huko Hispania gari livutalo karavani haliruhusiwi kuzidi kilomita 90 kwa saa hata katika barabara kuu. Mzee aliyepita miaka 70 hawezi kuumaliza mwendo huo bila kulala mahali.

Mpakani walikuta askari. Katika siku zile zile ilikuwa inatimia miaka 25 tangu Mkataba wa Schengen ulipoondoa ukaguzi kati ya nchi hizo, tarehe 26 Machi 1995. Ndani ya Ufaransa, kuanzia tarehe 17 Machi, kila aliyetoka nje alipaswa kubeba hati aliyoijaza na kuitia sahihi mwenyewe, yenye kutaja sababu ya safari. Wao waliandika kwamba wanarudi nyumbani. Askari mmoja aliisoma hati, akaitazama karavani, akauliza: nyumbani gani?

Usiku ule walifukuzwa mahali pawili. Maegesho ya tatu yalikuwa na mnyororo. Katika kijiji kimoja watu waliwatazama kupitia madirishani bila kutoka. Hatimaye mkulima mmoja aliwafungulia ua wake. Alisimama mbali, kama hatua kumi, akawaonyesha kwa mkono bomba la maji na shimo la kumwagia maji machafu, akaingia ndani. Hakuuliza majina yao. Asubuhi walikuta mkate na mayai juu ya jiwe.

Hatuwalaumu waliofunga. Watu walikuwa wanakufa, na kukaa mbalimbali kulikuwa tendo la upendo. Tena serikali ya Hispania, tarehe 15 Machi, iliwakumbuka madereva wa malori, ikaamuru vituo vya mafuta vyenye bafu viwaruhusu kuoga. Ni haki yao. Lakini lori huleta chakula. Karavani haileti kitu. Sisi wanadamu tu wepesi kumfungulia anayetuletea. Yule mkulima alitunza umbali uliotakiwa na bado akafungua, na kwa maoni yetu hapo hakuna mgongano wowote. Tunapousoma mfano wa Msamaria tunamsifu Msamaria, na ni sawa. Mwenye nyumba ya wageni tunamsahau, ingawa ndiye aliyempokea majeruhi mlangoni pake asijue anatoka wapi.

Walivuka kwa treni ibebayo magari chini ya bahari, wakafika kwao. Kwa kuwa wapangaji walikuwa na haki yao, waliishi katika karavani, uani kwa binti yao.

Sasa tuje kwetu. Lango letu lilianza kufungwa saa kumi na mbili jioni mwezi ule ule wa Machi 2020, na sababu ilikuwa njema. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ile imekwisha. Kufuli limebaki. Wazee wa parokia wanakumbuka jinsi walioharibikiwa magari barabarani, na wale wanaowapeleka wagonjwa hospitali ya wilaya, walivyolala barazani pa ukumbi wetu bila kuulizwa dhehebu. Wapo katika Halmashauri ya Walei wanaosema kwamba lango lililofungwa limepunguza wizi. Ni kweli, betri za sola ziliibwa mwaka 2018, nasi hatufichi. Lakini tunaona ni afadhali kumlipa mlinzi wa pili na kuweka bomba la maji karibu na lango kuliko kuendelea hivi. Gharama tumekwisha kuzikadiria.

Halmashauri itakutana Dominika hii baada ya Misa ya pili. Hoja tutaitoa sisi wenyewe, na wenye maoni tofauti tunawaomba waje wayaseme pale, siyo njiani.