Vigogo wetu hawana vigego?

Ndugu msomaji, chukua gazeti lolote, usome habari za maisha ya kigogo yeyote. Alizaliwa katika familia ya kimaskini, akaenda shule pekupeku, akasoma kwa bidii, akateuliwa, akateuliwa tena. Mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu. Hana deni, hana adui, hata jino halijapata kumuuma! Ukimaliza kusoma humjui. Unachojua ni kwamba mwandishi aliondoka pale na bahasha.

Watakwambia ndiyo mila yetu, mkubwa hasemwi. Uongo mtupu. Panda Usambara. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na Wakilindi kabla ya kuwa liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwaka 1895. Wakilindi ndio waliokuwa wakitawala milima ile kutoka Vuga, huko huko Lushoto. Je, Mbegha, babu wa ukoo mzima, anamwanzaje? Anasema alikuwa kigego! Meno ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi. Wazazi walipokufa, ndugu wakamnyima urithi. Akakimbia kwao Nguu, akawa mwinda nguruwe, akaingia kwa Wasambaa akigawa nyama. Kwa nyama ile akapata marafiki, akapata wake, mwisho akapata utawala.

Soma hapo tena, kijana. Nyama! Kumbe pilau la kampeni lina babu yake.

Na Semboja wa Mazinde, mtoto wa Kimweri, hakupakwa mafuta. Tunasoma alivyomwondoa Shekulwavu, mtoto wa ndugu yake, pale Vuga, na vita vilivyofuata.

Sisemi tutukane watu. Kigego si tusi pale. Ndicho kilichomtoa Mbegha kwao, bila hicho hakuna Vuga. Kasoro isiyoeleza kitu iache, hiyo ni ya vijiweni.

Basi wewe wa Kariakoo au Ngamiani unayetaka kushika kalamu, usimwulize mkubwa yeye ni nani. Atakupa karatasi iliyopigwa chapa tayari. Muulize aliyemkopesha, aliyesoma naye dawati moja, aliyeshindwa naye kura za maoni. Ukisikia jambo, litafutie mtu wa pili. Kisha panda Lushoto, umtafute mkulima wa viazi anayefungiwa lumbesa, lile gunia lenye kilemba, yeye analipwa gunia moja na mnunuzi anaondoka na gunia na nusu. Muulize mheshimiwa alipopita hapa kuomba kura alisema nini juu ya lumbesa, na alirudi lini. Andika siku, mahali na jibu. Mistari miwili hiyo itamchora mtu kuliko digrii zake zote.

Bahasha ikija, irudishe mbele ya dereva wake. Huyo utamhitaji kesho.