Mlio wa Baiskeli na Deni la Maneno

Juma hili sitasema habari za mahindi wala za mbolea. Nataka kuungama kosa. Mtu aliyekosea mbele ya watu yampasa aungame mbele ya watu, na mimi nilikosea katika soko letu la Kosele, mahali ambapo neno likisemwa asubuhi hurudi jioni limeota mbawa.

Baiskeli yangu ni ya namna ile nyeusi na nzito, yenye karia ya chuma nyuma, ambayo baba zetu walibebea magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, na hata wagonjwa. Naipanda kila siku kwenda ofisini na kurudi. Mvua za masika zilipoanza, niliona mikono ya kanyagio inacheza kidogo, nikampelekea fundi mmoja mzee anayekaa chini ya mti kando ya soko. Akaifungua ekseli ya kanyagio, akaondoa gololi zilizolika, akatia mpya pamoja na grisi, akafunga. Nikamlipa, tukaagana vizuri.

Siku chache baadaye baiskeli ikaanza kulia. Kila mguu wangu wa kulia uliposhuka, nilisikia, “Kwi!” Nikizidi kukanyaga, nayo huzidi: kwi, kwi, kwi, mpaka watoto wa shule wakawa wananitambua kabla hawajaniona. Karani wa Serikali aliyevaa tai, akitangazwa njiani kama kuku aliyeshikwa!

Mimi nimesoma shule ya misheni, na huko tulifundishwa kufikiri kwa taratibu. Lakini hasira haina shule. Nikasema moyoni, “Kazi imefanyika, kisha mlio umetokea, basi aliyeifanya kazi ndiye aliyeleta mlio.” Ningalinyamaza hapo, ingalikuwa heri. Lakini nikaingia katika hoteli ya chai, nikawaambia makarani wenzangu wawili, “Yule mzee amenitilia gololi kuukuu, zile mpya ameziweka mfukoni.” Wale wawili walikuwa wateja wake. Tangu siku ile wakapeleka baiskeli zao kwingine.

Labda msomaji atasema wateja wawili si kitu. Na tutazame. Katika miaka ya 1960 watu wa Busia, mpakani pa Kenya na Uganda, walianza kuvusha abiria na mizigo kwa baiskeli, na kazi hiyo ikaitwa boda boda. Desturi ile ikaenea mpaka huku kwetu Nyanza, na fundi wa baiskeli akawa na riziki ya kutosha. Siku hizi pikipiki zimetwaa abiria wengi, na baiskeli zimepungua njiani. Fundi aliyebaki chini ya mti hana wateja wengi wa kupoteza. Ukimwondolea wawili, umeondoa unga nyumbani mwake.

Nami nikaenda kwa fundi mwingine. Huyu hakuuliza neno. Akabadili kanyagio zote mbili, akabadili na mnyororo. Fedha zikatoka, mlio ukabaki. Ndipo Jumapili moja alasiri nikajiambia, “Ofisini huwezi kuandika jambo katika faili bila ushahidi. Mbona umemhukumu mtu bila ushahidi?” Nikaichukua baiskeli mpaka kwenye njia tambarare isiyo na watu, nikaanza uchunguzi. Nitawaeleza hatua zangu moja moja, maana huenda zikamfaa mwenye baiskeli iliayo.

Kwanza nilikwenda kwa kasi, kisha nikaacha kukanyaga, baiskeli ikajiendea yenyewe. Kimya, ila ule mlio mdogo wa tik-tik-tik nyuma, ambao ni wa kawaida miguu inapotulia. Basi kosa halikuwa katika magurudumu wala madigadi, kwa kuwa magurudumu huzunguka hata usipokanyaga.

Pili nilihesabu. Baiskeli yangu ina meno 46 mbele na meno 18 nyuma. Maana yake, kanyagio zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka zaidi ya mara mbili na nusu. Mnyororo nao una viungo 112, hivyo kiungo kimoja hurudi mahali pake baada ya kanyagio kuzunguka karibu mara mbili na nusu. Kama kiungo kimoja kingalikuwa kigumu, ningalisikia mlio, kisha kimya cha mizunguko miwili, kisha mlio tena. Lakini wangu ulikuja mara moja kwa kila mzunguko, pasipo kukosa. Nikajua kwamba nilinunua mnyororo mpya bure.

Tatu niliangalia ile pini ya chuma ishikayo mkono wa kanyagio, ambayo mafundi huiita kotapini. Nikaishika mikono yote miwili ya kanyagio, nikaitikisa kwa nguvu. Haikucheza hata kidogo. Hapa nawaonya wasomaji: pini hii ikilegea, mtu husikia “tak” kila anapokanyaga. Msiseme, “Nitaitengeneza mwezi ujao.” Kadiri unavyoendesha, tundu la pini huzidi kupanuka, na mwisho hata pini mpya haishiki, itakubidi ununue mkono mzima.

Mpaka hapo ushahidi ulikuwa kama unamwelemea yule mzee, kwa kuwa kilichosalia kilikuwa ekseli aliyoifungua kwa mikono yake. Nikaona nimepata ninachotafuta. Lakini nikajaribu jambo moja zaidi. Nilisimama juu ya kanyagio, nikakanyaga bila kukalia kiti, uzito wangu wote ukiwa juu ya ile ekseli. Kama gololi zingalikuwa mbovu, hapo zingalilia kuliko siku zote.

Kimya. Nikaenda hatua ishirini, thelathini. Kimya. Nikakaa kitini: “Kwi!” Nikasimama: kimya. Nikakaa: “Kwi!”

Nikashuka, nikakishika kiti, nikakisukuma huku na huku kwa mkono. Kikalia palepale, baiskeli ikiwa imesimama. Nati iliyo chini ya kiti ilikuwa imelegea, na mchanga umeingia kati ya vyuma. Mtu akikanyaga kwa mguu wa kulia, mwili wake huegemea kidogo, na kiti huegemea pamoja naye. Ndiyo sababu mlio ulifuata miguu yangu nikadhani unatoka miguuni.

Tena kuna sababu ya pili iliyonidanganya. Fremu ya baiskeli ni mabomba matupu ya chuma yaliyounganishwa, na sauti husafiri ndani yake toka mwisho hadi mwisho. Sisi tuliozaliwa Nyanza tunaijua orutu. Upinde husugua uzi mahali pengine, lakini sauti hutoka katika mzinga uliowambwa ngozi. Asiyeijua ala ile angeweza kuapa kwamba mzinga ndio unaosuguliwa. Mlio hausikiki mahali ulipozaliwa tu.

Sasa nani aliilegeza nati ile? Hapo ndipo aibu ilipo. Nikakumbuka kwamba baada ya yule mzee kumaliza kazi yake, mtoto wa ndugu yangu, kijana mrefu, aliniazima baiskeli, akainua kiti. Aliporudi usiku, mimi mwenyewe nilikishusha kwa spana isiyoenea nati, gizani, huku chakula kikiningoja. Sikukaza sawasawa. Mwizi niliyemtangaza sokoni hakuwapo. Aliyekuwapo ni mvivu, naye ni mimi.

Nikafungua nati, nikafuta mchanga, nikatia grisi kidogo, nikakaza. Kazi ya dakika kumi. Baiskeli ikanyamaza mpaka leo.

Kesho yake nilikwenda chini ya mti. Nilimkuta mzee anaziba tundu la tairi. Nikavua kofia, nikamsimulia yote, hata maneno ya hoteli ya chai. Hakuinua macho mpaka alipomaliza kubandika kiraka chake. Ndipo akaniuliza, “Karani, baiskeli umeinyamazisha?”

Nikamjibu, “Ndiyo, mzee.”

“Na wale uliowaambia, umewanyamazisha?”

Sikuwa na jibu. Nikamtolea fedha kidogo ili kumtuliza, akazirudisha. Akasema, “Hii ni bei ya kazi gani? Mimi sikukufanyia kazi leo. Nenda ukaseme palepale uliposema.”

Basi nikaenda katika hoteli ileile, saa ileile ya chai, nikawaambia wenzangu kwamba nilimsingizia mtu, na kwamba gololi zake ni nzima. Mmoja alicheka, na Jumatatu iliyofuata akampelekea mzee baiskeli yake. Wa pili alisema, “Ah, lakini hakuna moshi pasipo moto,” naye hajarudi hadi leo. Nilipomwonyesha kiti na nati alitikisa kichwa tu. Neno langu la kwanza alilisadiki bila ushahidi wowote. La pili, lenye ushahidi wote, analishuku. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo ndugu wasomaji, nawasihi mambo mawili. Baiskeli ikilia, msikimbilie kununua vyuma. Acheni kukanyaga, msikilize, hesabuni mizunguko, simameni, kisha mkae, tikiseni kila kiungo kwa mkono. Mlio utajitaja wenyewe, tena bila gharama. Na lawama ikiwajia mdomoni, fanyeni vivyo hivyo kabla ya kuitoa, mkianza kutazama mikono yenu wenyewe.

Mimi nimeandika habari hii kwa sababu wale wawili huenda si peke yao waliosikia neno langu. Hoteli ile ina meza nyingi. Yeyote aliyelisikia, na ajue kwamba nilisema uongo, ijapokuwa sikujua kwamba ni uongo. Fundi yule yuko chini ya mti wake, na kazi yake ni safi. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi nimelipa nusu, na nusu iliyobaki iko mikononi mwa mwenzangu yule anayepita karibu na mti kila asubuhi bila kusimama.

Kwa herini mpaka juma lijalo.