Tupeleke ngeli kwenye darasa la programu

Katika kitivo chetu, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika akionekana jioni anaelekea kwenye kituo cha ufundi kujifunza kuandika programu za kompyuta, wenzake humuuliza kama ameacha isimu. Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Huu ni mwaka wa pili ninasoma huko jioni tatu kwa juma, katika kituo kimoja cha Ibanda, pamoja na mafundi wa simu na vijana waliomaliza sekondari wasipate pesa za chuo kikuu. Sijaacha isimu. Naona kwamba mle ndani sisi ndio tunaokosekana.

Zoezi moja lilitutaka tuandike programu ndogo ya maktaba, inayohesabu vitabu vilivyorudishwa na kutoa ujumbe. Mwalimu alituonyesha njia kwa Kifaransa: idadi ikizidi moja, ongeza herufi “s” mwishoni mwa nomino. Nilipotaka ujumbe utoke kwa Kiswahili, njia hiyo ilikwama papo hapo. Kitabu 1 kimerudishwa, vitabu 3 vimerudishwa. Mwanafunzi 1 amesajiliwa, wanafunzi 3 wamesajiliwa. Kadi 3 zimepotea. Wingi uko mbele ya neno, na kitenzi kinaufuata. Ilibidi kila nomino iingizwe pamoja na ngeli yake, kisha jedwali la viambishi liongoze kitenzi. Darasa lilishangaa, nami nikashangaa kwamba wameshangaa. Hilo ni somo letu la mwaka wa kwanza, zile namba za Bleek na Meinhof ambazo wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Lakini jirani yangu wa benchi, kijana wa Kadutu, alisoma skrini akacheka: “Hii ni Kiswahili ya Tanzania. Mama yangu atasema bitabu tatu.” Ana haki. Hapa Bukavu tunasema kitabu yangu, mutoto yangu. Hata hivyo hakuna anayesema batu inakuya. Tunasema batu banakuya. Binadamu wamebaki na upatanisho wao, ilhali kwa vitu upatanisho umelegea, na mara nyingine hubadilika kutoka msemaji hadi msemaji. Wengine huita jambo hilo uvivu. Mimi naliita kanuni, na kanuni inaweza kuandikwa ikaeleweka na mashine, mradi mtu awe ameichunguza kwanza.

Sasa nani anaamua programu iseme “vitabu vitatu” au “bitabu tatu”? Kwa sasa ni mwandishi wa programu, peke yake, usiku, akiharakisha kabla umeme haujakatika (na tunaishi kando ya mto Ruzizi wenye mabwawa yake!). Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha imekwisha kututenga: swh ni Kiswahili cha pwani, swc ni Kiswahili cha Kongo. Mlango upo. Katika data za Unicode ambazo simu na kompyuta hutumia kuandika tarehe, toleo la zamani la swc liliita Jumapili “siku ya yenga” na Januari “mwezi ya kwanja”. Wa Bukavu anaijua yenga tangu utotoni. Ila “kwanja” ni ya nani, ya mtaa gani, ya umri gani? Hayo ni maswali ya utafiti wa nyanjani, na kazi hiyo tunafundishwa sisi.

Dar es Salaam waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa chuo kikuu chao ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Huwezi kutafsiri menyu nzima bila watu wa kubishana juu ya istilahi. Sisi tunazo maandishi mazuri juu ya lugha ya mji huu, kama makala ya Didier Goyvaerts ya 1988 kuhusu Indoubil, lakini yamebaki kwenye karatasi.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana ananipinga. Anasema mwanafunzi akishajua Python atakimbilia kwenye pesa, na Kihavu na Kitembo vitabaki bila wa kuvieleza. Hofu yake ina msingi. Lakini wenzetu wanakimbia tayari, kwenda kuwa wakalimani wa mashirika, wala hawakuhitaji Python. Nami mistari michache ya Python imenihesabia viambishi katika mazungumzo niliyorekodi sokoni Kadutu, kazi ambayo kwa kalamu ingenila likizo nzima.

Mfumo wa LMD, uliosambazwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu masomo kwa mikopo. Ile saa ya informatiki tunayojifunza kupamba ukurasa wa Word ingeweza kubadilishwa iwe somo la kuandika programu kwa ajili ya lugha, na anayesoma jioni kwenye kituo cha ufundi atambuliwe kwa mtihani wetu wenyewe. Mashine hazitoshi, najua; watatu kwa kompyuta moja tunaweza kuanza. Mwalimu wangu wa jioni ameniambia yuko tayari kuja kutoa saa za kwanza, ilimradi apangiwe alasiri ambayo mtaa wetu una umeme.