Kimbunga Kilichopita Pembeni: Funzo la Hidaya kwa Waamini wa Handeni na Korogwe

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kwamba kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikuwa kinaikaribia pwani ya nchi yetu. Miongoni mwa maeneo yaliyotakiwa kuchukua tahadhari yalikuwamo Mtwara, Lindi, Dar es Salaam, Pwani na kisiwa chake cha Mafia, Unguja na Pemba, na Tanga pia. Jina la mkoa wetu lilipotajwa, swali halikuwahusu wavuvi wa Pangani peke yao. Liliwahusu pia wakulima wa Handeni na familia zinazoishi kandokando ya mito ya Korogwe: je, tuondoke au tubaki?

Jumamosi tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia na kupoteza nguvu zake. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesitishwa. Upande wa kusini mvua ilisababisha mafuriko, na barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara ikakatika katika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Mkoa wa Tanga haukupata kipigo kilichohofiwa. Kesho yake, Jumapili ya sita ya Pasaka, aliyekuwa amekaa macho usiku angeweza kusema kwamba tulitishwa bure. Ni kauli inayoeleweka, lakini ni ya hatari, na inafaa tuipime.

Tahadhari ya hali ya hewa hutaja uwezekano, haiweki ahadi. Ndiyo maana TMA hutumia ngazi tatu: angalizo, ambalo rangi yake ni njano, tahadhari, ambayo ni rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa, ambayo ni nyekundu. Kimbunga kinaweza kubadili mwelekeo au kupungua nguvu katika saa za mwisho. Mwezi Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth. Kikapita kusini ya mpaka, kikapiga Cabo Delgado nchini Msumbiji na kuua makumi ya watu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kutufikia. Tumenusurika mara tatu katika miaka michache, na anayenusurika mara nyingi huanza kudhani kwamba hatafikiwa kamwe.

Historia inatukanusha. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Zanzibar, kikaharibu mashamba ya karafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sultani. Siku hizohizo kiliyaangusha majengo mengi ya misheni ya Bagamoyo, ambayo wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wameianzisha miaka minne tu kabla. Kanisa katika pwani hii lilikijua kimbunga tangu utoto wake.

Msomaji wa Korogwe anaweza kujibu: sisi tuko mbali na bahari, takriban kilomita 100 kwa barabara kutoka Tanga mjini, kimbunga ni shauri la watu wa pwani. Ni kweli kwamba upepo huchoka unapoingia nchi kavu, lakini mvua inayobebwa na kimbunga haichoki upesi. Mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kiliua mamia ya watu nchini Malawi, nchi isiyo na bahari. Wengi wao walifukiwa na maporomoko ya udongo na mawe kwenye miteremko ya Blantyre na maeneo ya jirani. Nasi tuna miteremko ya Usambara juu yetu, na mito Pangani na Lwengera kando ya nyumba zetu. Tena hatuhitaji kimbunga ili tufikwe na maafa: mvua za Oktoba 2019 zilisababisha vifo wilayani Handeni na kuharibu barabara inayoiunganisha na Korogwe.

Kwa hiyo kwetu sisi kuhama hakumaanishi kuukimbia mkoa. Ni kutoka bondeni kwenda mwinuko ulio karibu, pengine mwendo wa nusu saa kwa miguu, mapema na kukiwa bado mchana. Mvua ikinyesha milimani, mto hufurika tambarare hata pale ambapo hakujadondoka tone. Anayengoja kuyaona maji mlangoni amechelewa, na anayejaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji anahatarisha pia maisha ya watakaokwenda kumwokoa.

Hata hivyo tusiwahukumu wanaokataa kuondoka. Mkulima anaogopa kuyaacha mahindi yake ghalani. Mfugaji hajui atawapeleka wapi mbuzi wake. Mama ambaye mumewe yuko safarini anasita kuamua peke yake. Mzee asiyeweza kutembea anasema yeye atabaki, ili asiwe mzigo kwa watoto. Wote wanahofia wezi. Huu si ujinga wala ukosefu wa imani. Mara nyingi anayeondoka mapema ni yule mwenye mahali pa kwenda, na hapo suala la hali ya hewa linageuka kuwa suala la haki na upendo kwa jirani.

Wako pia wanaosema, “Mungu atatulinda,” nao wanasema kweli. Lakini Injili inatuonesha jinsi Mungu anavyolinda. Mtakatifu Yosefu alipoonywa katika ndoto, hakungoja askari wa Herode wafike ndipo aamini. Aliamka usiku uleule, akamchukua Mtoto na mama yake, akaenda Misri. Naye Bwana wetu, aliposhawishiwa kujitupa kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa kumjaribu Mungu. Busara ni ya kwanza kati ya fadhila kuu nne. Kusali na kufunga mizigo ni mambo yanayokwenda pamoja.

Uamuzi wa usiku wa dhoruba hufanywa wakati wa jua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa zinazoshuka hadi ngazi za chini, na jumuiya ndogondogo zetu zinaweza kuwa mikono yake. Kila jumuiya iwajue wagonjwa, wazee na wajawazito wake, na ipange nani atamsindikiza nani. Familia za mwinuko ziseme mapema zitapokea familia zipi za bondeni, bila kuuliza dini. Ijulikane nani anashika ufunguo wa kanisa au ukumbi wa parokia, na vijana gani watalinda nyumba na mifugo. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanatosha kuwekwa katika ajenda ya mkutano mmoja wa jumuiya kabla ya vuli, na tena kabla ya masika.

Na tahadhari ikitolewa, tukahama, kisha mvua isinyeshe? Tutarudi nyumbani tumechoka, na pengine kuku mmoja amepotea. Tutakapohesabiana Jumapili, hatakosekana mtu.