Ile Subaru ya Nyuma ya Atelye Isiuzwe kwa Kilo



Tangu mwanzo wa trimestri hii kuna neno linalotembea katika interna na hata katika chumba cha walimu. Wanasema kama ile Subaru iliyo nyuma ya atelye itauzwa kwa watu wa vyuma, kwa kilo, na nafasi yake itawekwa mbao. Sisi tunaoishughulikia kila Jumamosi baada ya saa nane hatukuulizwa. Hatulalamiki juu ya hilo, gari si yetu. Lakini gazeti hili ni la wanafunzi wote, basi tunatumia nafasi hii kusema tunavyofikiri, na tunaomba msome mpaka mwisho mbele ya kucheka.

Kwa wale wa mwaka wa kwanza wasiojua: gari ile ni Subaru Legacy ya mwaka 1992, motere ya lita 2. Ilitoka Japani, ikapita Mombasa na Kampala, ikaingia kwetu kwa Kasindi kama nyingine nyingi, volani ikiwa kuume. Mzee mmoja aliyesoma hapa zamani aliitembeza muda mrefu kati ya Butembo na Beni, mpaka siku motere ilichemka njiani. Akaichoka, akaitoa kwa shule. Hiyo njo historia yake yote.

Neno tunalolisikia zaidi ni hili: «Butembo na Beni ni miji ya Toyota. Pyesi za Subaru mutazitoa wapi?» Ni kweli kama pyesi za Toyota zinapatikana karibu kila mahali, na za Subaru mpaka uagize Kampala. Na barabara ya kutoka Kasindi mnaijua wenyewe. Tangu mauaji yaanze katika eneo la Beni mwaka 2014, kuna nyakati ambapo shofere hawezi kuipita ila akingojea askari wasindikize magari. Kwa hiyo pyesi moja ndogo inaweza kukawia majuma. Lakini majirani zetu wa Uganda na Kenya wanazipenda gari hizi sana, na hawazipendi bure. Magurudumu yote manne yanavuta. Motere imelala, silinda mbili kila upande, basi uzito uko chini na gari haiyumbi kwenye kona. Mtu aliyeona matope ya barabara zetu wakati wa mvua ataelewa bila kuelezwa.

Tena, wapo wanaofikiri Subaru ni gari ya kelele na ya mbio tu. Hao tunawapa habari ya Patrick Njiru, shofere wa Kenya. Mwaka 1993 aliingia Safari Rally na Subaru Vivio, kagari kadogo ambako motere yake haifiki hata sentimita za ujazo 700. Colin McRae, Muingereza mwenye jina kubwa, aliendesha Vivio kama hiyo katika mashindano yaleyale, akakwama njiani. Njiru alifika, tena wa kwanza katika kundi lake. Mwaka uliofuata alikuwa wa nne kwa wote, akiwa na Impreza. McRae naye alirudi akashinda Safari mwaka 1997. Lakini ile ya 1993 njo tunayoipenda sisi, kwa sababu aliyefika ni yule aliyejua kuichunga gari yake.

Sasa tuseme na wenzetu wa ndani, kwa maana hata katika kikundi chetu hatupatani. Wako wanaosema: tuinyanyue juu, tukate bomba la moshi ili ilie kama simba, tupake vioo rangi nyeusi, na hapo shule itaona kama ni kitu cha maana, haitaiuza. Sisi tulioandika hapa tunakataa. Kuinyanyua kwa vipande vya chuma juu ya amortisere ni kazi ya siku moja, kweli. Lakini zile fimbo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zinabaki zimepinda kuliko zilivyopangwa, mipira inayofunika vichwa vyake inapasuka, mchanga unaingia, na miezi michache tu mnasikia ka-ka-ka mkikata kona. Bomba kukatwa kunaongeza kelele, nguvu hapana. Na pale nyuma ya ukuta kuna maternité.

Wengine wanataka volani ihamishwe kushoto. Hilo si neno la upuuzi. Katika nchi inayopita kuume, shofere aliyeketi kuume haoni mbele wakati wa kupita lori, anangojea mtu aliyeketi kushoto amwambie «pita». Hata hivyo, kukata na kuchomea vyuma vya volani kwa poste yetu ya kusudirea, ambayo inazimika kila mara umeme unapopungua, hapana. Chuma hicho kikiachana kwenye mteremko wa Kabasha, hakuna atakayebaki kueleza.

Tunayataja haya bila kujifanya wenye akili, kwani sisi wenyewe njo tulikosa kwanza. Mwaka jana, gari ilipofika, jambo la mbele tulilofanya ni kutoa termosta. Tuliambiwa na watu wengi kama termosta ni kitu cha nchi za baridi, huku kwetu inaleta joto tu. Tukaitoa, tukaitupa. Na motere ikaacha kuchemka, tukashangilia. Kumbe asubuhi, na asubuhi za Butembo mnazijua na majaketi yenu, motere ilikuwa inazunguka nusu saa nzima ikiwa baridi. Ikinywa esansi kama ng'ombe. Mishumaa ikawa myeusi. Mafuta ya motere yakanuka esansi, maana esansi isiyoungua inateremka kando ya pistoni na kuosha mafuta yanayolinda silinda. Tulikuwa tunaiua polepole huku tukiona kama tumeiponya.

Mwalimu wetu wa fizika njo alitufungua macho, bila kutaka. Katika darasa la tatu tuliandika kama maji yanachemka kwa digrii 100, na asiyeandika hivyo alipata sifuri. Siku moja tuliazima termometre ya laboratware, tukachemsha maji kwenye makaa kando ya gari. Ikasimama kwenye 94. Tukafikiri imevunjika. Tukaazima nyingine: 94. Tulipomwuliza alicheka, akasema turudie kusoma: 100 ni kwa usawa wa bahari, na Butembo iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1.700, hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Njo sababu mama zetu wanakaa na maharagi motoni muda mrefu kuliko ndugu zetu wa Mombasa.

Sasa fikirini motere. Kinachozuia maji yake yasichemke kwa hiyo 94 ni kile kifuniko cha radiatere chenye springi, kinachofungia presio ndani. Cha gari yetu kilikuwa kimekatika mpira, na aliyetangulia alikifunga na kitambaa. Kitambaa hakifungii presio! Basi gari ilikuwa inachemka kwa sababu ya kifuniko, na sisi tukaadhibu termosta. Tena motere hii iliyolala ina desturi ya kuficha hewa ndani ukiijaza maji kwa haraka. Lazima ujaze polepole, ufungue ile skuru ndogo juu ya radiatere hewa itoke, uwashe, ungoje, uongeze. Hilo pia hatukulifanya.

Tumelieleza kwa urefu kwa kuwa hapo njo pana shauri letu. Ile siku ya termometre, watu tisa tulielewa presio kuliko katika majuma yote ya kuandika ubaoni, na hatumsemi mwalimu vibaya, yeye mwenyewe alikuja Jumamosi iliyofuata na daftari yake. Mkiuza gari kwa kilo mtapata pesa ya mbao chache. Wale wa kidato kitakachofuata watarudi kuandika 100.

Tunajua jibu la wazazi. Wanalipa minerval kwa shida, na shule haina haki ya kuchukua pesa hiyo kununua vitu vya gari iliyokufa. Tunakubali kabisa. Hatuombi pesa ya wazazi. Tumekwisha kuchanga wenyewe, kila mmoja kadiri yake, na wawili walifyatua matofali wakati wa likizo. Kifuniko kipya cha radiatere tumekinunua. Termosta imefika kutoka Kampala juma lililopita, katika mfuko wa mama mmoja mchuuzi wa vitenge ambaye hakutaka hata shukrani.

Kinachobaki ni mambo mawili. La kwanza ni mkanda wa mbele, ule unaozungusha valvu. Unapaswa kubadilishwa karibu kila kilometa 100.000, na huu wetu hakuna anayejua umri wake. Tena kifuniko chake cha plastiki kilitupwa zamani, kama desturi ya garaji nyingi kwetu, na vumbi la kiangazi limeingia mpaka ndani. Ukikatika gari inatembea, katika motere nyingi za namna hii pistoni inagonga valvu na kazi imekwisha. Kwa hiyo tumeapa kutoiwasha tena mpaka mkanda upatikane.

La pili ni mipira. Yote minne ni ya namna mbalimbali, mmoja mpya, mmoja umekwisha kabisa. Kwa gari inayovuta na magurudumu mawili hilo ni kosa dogo. Kwa hii ni sumu, sababu gurudumu dogo linazunguka haraka kuliko kubwa, na ile mashine ya katikati inayogawanya nguvu inapigana nayo kilometa zote mpaka inaungua. Afadhali minne ya okazio iliyochakaa sawasawa kuliko mmoja mpya kila mwaka. Hii tunawaambia pia wale ambao baba zao wana gari za kuvuta mbele na nyuma, mwende mukaangalie.

Basi ombi letu kwa Bwana Prefe na kwa komite ya wazazi ni la muda tu: gari isiuzwe mbele ya mwisho wa mwaka huu wa shule. Ikiwa siku hiyo haijatoka atelye kwa nguvu yake mwenyewe, ikateremka mpaka Beni na kurudi, mwendo wa kilometa mia na zaidi kidogo, bila kuchemka, basi iuzwe, na sisi tutasaidia kuisukuma mpaka kwenye mizani. Na mbao, kama ni lazima, zinaweza kukaa chini ya baraza la darasa la sita, tumepima, zinaenea.

Jumamosi hii tutaweka termosta mpya ndani ya sufuria ya maji pamoja na termometre, tuone kama inafunguka karibu na digrii 78 jinsi ilivyoandikwa. Saa nane kamili. Kila mtu anakaribishwa, hata wale wanaotaka kukata bomba. Sufuria tunayo, aliye na makaa alete.