Msitu Haupandwi kwa Koleo: Tuache Kushangilia Hesabu za Miche

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, siyo bwana misitu, na kawaida yangu ni kusoma na kunyamaza. Lakini kila mjadala wa mazingira ukianza, hakosekani mtu, wa huku au wa nyumbani, wa kutuambia eti Wazungu wametuzidi kwa sababu wakikata mti mmoja wanapanda kumi. Leo naomba nibishe.

Msitu wa majani mapana wa nchi hizi za baridi unaishi kwa kupokezana. Majani yakipukutika, jua la Machi na Aprili linafika hadi chini, na maua ya buluu yanatandaza ardhi yote kabla miti haijafunga kivuli. Mialoni ikichipua, viwavi wanaanguliwa, na ndege wadogo wanatotoa kwa kufuatisha viwavi hao hao. Udongoni, kuvu wameshikana na mizizi: wanaipa maji na madini, nao wanapewa sukari. Mialoni ya hapa inatumiwa na zaidi ya aina 2,000 za viumbe. Msitu wa kale, kwa kipimo cha England, ni ule uliokuwepo mfululizo tangu 1600, na katika Uingereza nzima misitu ya kale iliyobaki ni kama asilimia 2.5 tu ya ardhi. Hivi miaka mia nne unaipandaje kwa koleo?

Watasema, mbona misitu imeongezeka? Ni kweli. Baada ya Vita vya Kwanza ilibaki kama asilimia 5 ya nchi, serikali ikaunda Tume ya Misitu mwaka 1919, na leo ni kama asilimia 13. Lakini kwa miongo mingi kilichopandwa zaidi ni miti ya jamii ya msonobari kutoka Amerika ya Kaskazini, na misitu mingi ya kale ilifyekwa au kutiliwa sumu ili kuipisha. Sera ilibadilika mwaka 1985. Miti ile haipukutiki, kwa hiyo lile jua la Aprili halifiki chini. Aliyepita ndani ya mashamba ya mipaini kule Mufindi anakijua kivuli cha namna hiyo.

Sasa nifike kwenye kilichonitoa kimyani. Kuna mti unaitwa ash. Kuna kuvu kutoka Asia ya Mashariki, ambako miti ya huko imeizoea, ikaonekana inaua ash wa Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha nchi moja baada ya nyingine. Uingereza ilikuwa inaangalia. Na huku inaangalia, iliendelea kuagiza miche ya ash kutoka bara! Mwaka 2012 ugonjwa ukathibitishwa kwenye kitalu kimoja Buckinghamshire, katika miche iliyotoka Uholanzi. Marufuku ya kuagiza ilikuja Oktoba mwaka huo huo.

Mzee mmoja Mwingereza niliyekuwa namuuguza alicheka kwa uchungu aliponisimulia. Aliniambia mti huu unajiotea wenyewe, hata kwenye mifereji ya paa lake alikuwa aking'oa kila mwaka. Wanunue nje kitu kinachoota bure? Nikamjibu, babu, sisi wodini mgonjwa akihamishwa kutoka hospitali nyingine tunampima kwanza kabla hatujamlaza karibu na wenzake. Miche ilipitishwa tu, kwa sababu watu walikuwa na idadi ya kutimiza.

Wapo watakaosema upepo ungeleta kuvu hata hivyo. Sikatai, mashariki ya nchi inaaminika iliingia kwa upepo vilevile. Lakini upepo kuvuka bahari hauwi ruhusa ya kubeba ugonjwa kwa lori mpaka katikati ya nchi. Na anayekufa si mti peke yake: karibu aina 1,000 za viumbe zinautumia ash, nyingine haziishi penginepo.

Wamejifunza? Reli mpya ya HS2 imekata vipande vya misitu ya kale, na jibu likawa miche milioni saba, pamoja na kuhamisha udongo kwa malori kana kwamba msitu ni samani. Ukame wa 2018 ukaua maelfu ya miche hiyo, na maelezo yakatolewa kwamba kupanda mingine ni nafuu kuliko kuimwagilia. Huo nauita usanii, na angefanya kigogo wa kwetu tungemchana humu wiki nzima!

Njia ninayopita nikitoka zamu ya usiku ina ash kumi na moja zilizopigwa alama ya rangi zikisubiri msumeno. Kando yake wameshachomeka miche kwenye vibomba vya plastiki. Nimeuliza ofisi inayohusika miche hiyo imetoka kitalu gani. Mpaka leo sijajibiwa.