Magurudumu ya Tela Yapate Mwenyewe

Tela halina injini, halina usukani, wala halina taa ya kumwonya dereva kwamba kuna jambo limeharibika. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi hulichukulia kama sanduku la mzigo lililofungiwa matairi. Kichwa cha lori hupelekwa sevisi, hubadilishwa oili, na mlio wake ukibadilika kidogo fundi huitwa. Tela huachwa uwanjani likisubiri mzigo, kisha hufungwa kwenye kichwa kingine na kuondoka na dereva asiyejua nati zake zilikazwa lini mara ya mwisho, wala nani alizikaza. Nasema wazi kwamba hapa Arusha ukaguzi wa magurudumu ya tela utabaki kuwa wa macho tu mpaka kila tela liwe na rekodi yake lenyewe, na mmiliki wake abebe lawama ambayo leo tunamtwisha dereva na utingo.

Mji huu una sababu zake za kulijali jambo hili kuliko miji mingi. Barabara ya Namanga na Nairobi inaanzia hapa, ya Moshi na Holili inapita hapa, na inayokwenda Makuyuni hugawanyika huko, upande mmoja Karatu na Ngorongoro, upande mwingine Babati na Dodoma. Barabara ya mchepuo ya kilometa 42 kutoka Usa River imeyapunguza malori makubwa katikati ya mji, lakini haikuyaondoa matela. Matrekta ya Monduli na Karatu yanavuta mahindi na maharage, pikapu zinavuta vitela vya vifaa vya ujenzi, na magari ya kampuni za utalii yanavuta mahema na majiko ya kambi. Katika mitaa kama ya Levolosi, karibu na soko la Kilombero, gari, bodaboda, mkokoteni na mama aliyebeba kikapu wanagombania njia ileile. Gurudumu la lori pamoja na tairi lake linakaribia kilo 100. Likichomoka kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa, linakwenda na nguvu ileile ambayo lingekuwa nayo kama lingedondoshwa kutoka ghorofa ya 8.

Wapo wanaoamini kwamba gurudumu huchomoka kwa bahati mbaya, na imani hiyo ndiyo adui wa kwanza. Kinacholishikilia gurudumu ni ule mbano ambao nati na bolti zinautia kati ya rimu na habu. Fundi akifunga gurudumu juu ya kutu, tope lililokauka au rangi mpya nzito, takataka hizo husagika gari linapotembea, nafasi ndogo hubaki, na mbano hupungua ingawa nati haijazunguka hata kidogo. Kuanzia hapo gurudumu huanza kucheza, matundu ya rimu hupanuka, na bolti hukatika moja baada ya nyingine. Ndiyo maana watengenezaji wa magurudumu huagiza nati zikazwe upya baada ya kilometa 50 hadi 100 tangu gurudumu lilipofungwa. Tazama jinsi jiografia yetu inavyolirahisisha agizo hilo. Aliyefungiwa tairi Levolosi asubuhi, akienda njia ya Namanga atakuwa na kilometa kama 80 afikapo Longido. Akienda Moshi ni kiasi hichohicho, na Makuyuni vivyo hivyo. Katika njia zote tatu pana mahali pa kusimama na kushuka na spana. Ni dakika chache tu, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya dakika chache barabarani yenye thamani kubwa zaidi ya hiyo.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, na mafundi wetu wanalifanya kwa nia njema. Spana huongezewa bomba refu, kijana hupanda juu yake na kuruka, na mteja huridhika kwamba nati haitafunguka tena. Lakini bolti ni chuma kinachovutika. Ikivutwa kupita kiasi haibani tena inavyotakiwa, na siku moja inakatika pasipo dalili. Kwa bolti za milimita 22, ambazo ni za kawaida kwenye matela mazito, nguvu inayotakiwa huwa kati ya nyutoni-mita 600 na 700, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha mtengenezaji. Kiwango hicho hakipimwi kwa uzito wa kijana anayeruka juu ya bomba. Kinapimwa kwa spana yenye kipimo, na gereji inayofunga magurudumu ya malori bila spana hiyo inamuuzia mteja kazi nusu.

Matairi nayo yana hila zake. Kwenye tela zito matairi hukaa mawili mawili, na moja likipoteza upepo lenzake hubeba mzigo wote huku kwa mbali yote mawili yakionekana mazima. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja sana, hupata joto, na joto hilo ndilo hulipasua. Dereva wa gari dogo huhisi pancha kwenye usukani. Aliyeko kwenye kichwa cha lori hahisi chochote kuhusu tairi lililoko mita kumi nyuma yake, mpaka aone moshi kwenye kioo au apigiwe honi. Kuligonga tairi kwa nyundo kunaonyesha tu kama limeisha upepo kabisa, na hakuwezi kuchukua nafasi ya geji. Umri wa tairi nao husomeka ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya utengenezaji: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tela lililolala uwanjani miaka mingi huweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka na kupasuka nyufa.

Beringi ndizo zinazosahaulika kuliko vyote, na kwetu ndizo zinazoteseka kuliko vyote. Udongo wa kandokando ya Mlima Meru ni wa majivu ya volkano, na vumbi lake ni laini kiasi cha kupenya pale ambapo mpira wa kuzuia grisi umechakaa. Vumbi likichanganyika na grisi, beringi inasagwa badala ya kulainishwa. Huwezi kuliona hilo ukiwa umesimama kando ya barabara. Ni lazima tela liinuliwe kwa jeki, gurudumu lizungushwe na kusikilizwa, kisha litikiswe juu na chini ili kujua kama linacheza. Njiani, dereva anaposimama, apitishe mkono karibu na kila habu bila kuigusa: ikiwa moja ina joto kuliko nyingine, ama breki yake imeng'ang'ania au beringi inakufa. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni, lori lililofeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Gurudumu halikuchomoka siku ile. Hata hivyo breki za lori zinakaa ndani ya magurudumu, na fundi anayefungua gurudumu ili aitazame beringi anaiona breki pia.

Wengine watasema polisi wa usalama barabarani wanakagua tayari, tuna stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari au tela bovu kuwa barabarani. Yote hayo ni kweli, na siwadharau askari wanaosimama juani. Lakini ukaguzi wa kando ya njia unaona taa, kipara cha tairi na nati iliyokosekana. Hauoni mbano wala beringi, na hauwezi kujua kazi iliyofanyika gereji jana. Isitoshe, stika ni ya mwaka mzima, na nati hulegea ndani ya siku moja.

Pingamizi la gharama lina uzito zaidi. Mwenye lori moja anayelipa mkopo ana haki ya kuuliza pesa itatoka wapi. Namjibu kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haina gharama kabisa: kusugua kutu kabla ya kufunga rimu, kuchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu ili nati ikizunguka ionekane, kusimama Longido na kukaza upya. Spana yenye kipimo inaweza kununuliwa kwa pamoja na mafundi wa mtaa mmoja. Na wanaosema tatizo ni barabara mbovu, wanatoa sababu ya kukagua mara nyingi zaidi, kwa kuwa kila shimo linaongeza mtikisiko kwenye nati zilezile.

Nchi nyingine zimeshapita njia hii. Utafiti uliofanywa Uingereza mwaka 2006 ulikadiria kwamba magurudumu kati ya 150 na 400 huchomoka kwenye magari mazito kila mwaka, na kusababisha ajali 3 hadi 7 za vifo, katika nchi yenye ukaguzi mkali kuliko wetu. Jimbo la Ontario, Kanada, baada ya watu kuuawa na magurudumu yaliyochomoka, lilitunga sheria mwaka 1997: gurudumu likitoka kwenye gari la biashara, hilo pekee ni kosa la mmiliki na mwendeshaji wa biashara, faini yaweza kufika dola 50,000, na kudai kwamba ulijitahidi si utetezi. Naiona sheria hiyo kuwa kali, na kali kwa haki, kwa sababu inamgusa yule mwenye uwezo wa kuamua fedha ziende wapi. Dereva wetu anayeambiwa "nenda tu, utakaza mbele ya safari" hana uwezo huo.

Kwetu si lazima kuanzia kwenye faini. Tela la lori tayari lina namba yake ya usajili, tofauti na ya kichwa, kwa hiyo linaweza kuwa na daftari lake: tarehe kila gurudumu lilipofungwa, jina la fundi, lilipokazwa upya, beringi zilipotiwa grisi. Na mahali pa kulikagua daftari hilo papo. Kila gari linalozidi tani 3.5 hupita kwenye mizani, Makuyuni na Himo zikiwamo, ambako ekseli tatu za pamoja haziruhusiwi kuzidi tani 24, wala gari zima tani 56, chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunalisimamisha lori ili kuilinda lami. TANROADS, LATRA na polisi wakubaliane kwamba kusimama hukohuko kutumike kulisoma daftari la tela na kuzitazama nati zake, na tela lisilo na daftari lisivuke mizani mpaka mmiliki wake apigiwe simu na kujibu.